Bukoba hadi Muleba kwa Mkono Mmoja

Likizo nyingine ni za kujirusha, nyingine ni za kupona. Kama mwenza wako ni mtu wa mazoezi makali na amerudi nyumbani mkono ukiwa umening'inia shingoni, safari hii inakuhusu.

Wapendanao wengi wa mjini wakisikia neno likizo wanawaza Zanzibar, na mfuko ukigoma wanajikongoja mpaka Bagamoyo. Leo nawavusha nchi nzima hadi Kagera, mkoa wenye mvua ya kutosha, ndizi za kutosha na ziwa ambalo ukisimama ufukweni huoni ng'ambo. Kilichotupeleka huko kilikuwa kidogo mno: kipande cha kano iliyochakaa ndani ya kiwiko cha kulia cha mume wangu, ambacho daktari alikikata na kukitoa. Wiki saba baada ya upasuaji tulichukua likizo ya wiki tatu, mimi mtoto wa Tanga na yeye Mhaya wa Muleba, tukaenda kwao ili mkono uanze kutafuta nguvu. Katika mabegi tulibeba nguo, dawa na swali moja ambalo hakuna aliyetaka kulitamka: je, atapanda tena?

KIWIKO CHA MPANDA MIAMBA

Mume wangu anapanda miamba. Usije ukafikiri ni ule mwendo wa pole pole wa Kilimanjaro na fimbo mkononi. Huu ni mchezo wa kupanda ukuta wa jiwe kwa ncha za vidole na ncha za viatu, kamba ikiwa kiunoni. Aliujulia Nairobi alipokuwa akifanya kazi huko, mwisho wa wiki wakitoroka kwenda kwenye majabali ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Dunia nzima iliuona mchezo wenyewe ulipoingia kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021.

Sasa sikiliza mambo ya kiwiko. Misuli inayofunga vidole na kukunja kiganja haikai kwenye vidole, inakaa kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kiganja. Sehemu kubwa ya misuli hiyo hupanda na kujishikiza kwa kano kwenye kifundo kidogo cha mfupa upande wa ndani wa kiwiko. Mpanda miamba akining'inia kwa vidole, mzigo wote unavuta pale. Vuta leo, vuta kesho, vuta miaka mitano, kano inachoka. Madaktari wanaiita hali hiyo kiwiko cha gofu, na ikiwa upande wa nje wanaiita kiwiko cha tenisi. Majina hayo yasikudanganye, maana wagonjwa wengi hawajawahi kushika kifimbo cha gofu wala raketi. Ni maseremala, mafundi rangi, wapishi, na hata wewe unayeshinda ofisini ukibofya kompyuta.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba maumivu yakishakuwa sugu, tatizo kubwa si uvimbe tena. Nyuzi za kano zenyewe zinakuwa zimelegea na kuvurugika, mithili ya kamba ya katani iliyofumuka, na kwa kuwa kano haipati damu nyingi kama msuli, hujijenga taratibu sana. Ndiyo maana vidonge vya maumivu vinatuliza leo na kesho unarudi pale pale.

Mzee wangu alikaa na maumivu hayo karibu miaka miwili. Alipumzika, akafanya mazoezi tiba, akapunguza kupanda, lakini alifika mahali akawa hawezi kuinua birika la chai. Nikahamia upande wa kushoto wa kitanda ili nisimguse mkono usiku. Wanawake wenzangu mtanielewa nikisema kwamba mwanaume mwenye maumivu asiyotaka kuyasema hugeuka mkali kwa mambo madogo: chumvi kwenye mchuzi, mlango uliofungwa kwa kishindo, simu iliyochelewa kupokewa. Kiwiko kilikuwa chake, lakini nyumba nzima ilikuwa inauma.

KISU SI CHA KUKIMBILIA

Kabla hujamburuta mwenza wako kwa daktari wa upasuaji, tulia kwanza. Wengi wenye tatizo hili hupona bila kisu, ingawa inaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi. Mwaka 1979 madaktari wawili wa Marekani, Robert Nirschl na Frank Pettrone, walitoa ripoti iliyokuja kuwa msingi wa upasuaji wa kiwiko cha tenisi. Katika wagonjwa 1,213 waliowaona kwa takriban miaka sita, viwiko vilivyopasuliwa vilikuwa 88 tu. Matokeo yalikuwa mazuri, wengi walirudi hata kwenye michezo mizito, lakini tazama hiyo hesabu ya kwanza: zaidi ya elfu moja hawakufika kwenye kisu.

Na mjadala haujaisha. Mwaka 2018 huko Australia walichapisha utafiti mdogo wa wagonjwa 26 wa kiwiko cha tenisi. Nusu walikatwa kano iliyochakaa, nusu wakachanwa ngozi na kushonwa bila kano kuguswa, na mwishowe makundi yote mawili yalipata nafuu sawasawa. Maana yake ni kwamba muda, mapumziko na mazoezi yanayofuata yana mchango mkubwa kuliko tunavyodhani.

Vipi kuhusu sindano ya steroidi ambayo rafiki yako kazini anaisifia? Inatuliza haraka, hilo halina ubishi. Lakini utafiti mwingine wa Australia, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliochomwa sindano hiyo walikuwa na hali mbaya kuliko waliochomwa sindano isiyo na dawa, na zaidi ya nusu yao maumivu yalirudi. Raha ya wiki sita, majuto ya mwaka.

Kwa kawaida daktari huanza kuzungumzia upasuaji pale ambapo miezi 6 hadi 12 ya matibabu mengine imepita bila mafanikio. Hapa kwetu tuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na watu wa Kanda ya Ziwa wana Bugando pale Mwanza. Mume wangu alipasuliwa Dar es Salaam. Mchano ulikuwa wa sentimita chache. Kano iliyooza ikaondolewa, nzima ikabaki. Kazi inataka umakini kwa sababu nyuma ya kile kifundo cha ndani unapita mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye kidole kidogo na jirani yake, ule unaokupiga shoti ukijigonga kiwiko mlangoni.

Baada ya hapo ratiba ni ya subira. Siku chache za kuning'iniza mkono shingoni, nyuzi kutolewa baada ya kama wiki mbili, kisha kukunja na kunyoosha bila mzigo. Mazoezi ya nguvu huanza wiki ya sita hivi, na kurudi kwenye michezo ni miezi minne mpaka sita, wengine zaidi. Kwa hiyo tulipopanda meli kwenda Bukoba, tulikuwa na ruhusa ya kuanza kubeba: chupa ya maji ya nusu lita.

KUINGIA BUKOBA

Kuna ndege na kuna mabasi, lakini kama mko wawili nawashauri mpande MV Victoria kutoka Mwanza, meli iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Mnasafiri usiku, mnapita Kemondo, na asubuhi mnauona mji. Kushoto na kulia ni vilima vya kijani, mbele kidogo majini kimekaa kisiwa cha Musira kama mtu aliyejitenga na ugomvi wa ndugu, na nyuma ya mji yanasimama majabali ya jiwe la mchanga, marefu, yenye mipasuko iliyonyooka.

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu akinyamaza. Alikuwa anayatazama yale majabali kama mtu aliyekutana na mpenzi wake wa zamani harusini: anajua hatakiwi kukodoa, na macho hayamsikii. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinajikunja vyenyewe kwenye ukingo wa meli. Nikamshika ule mkono, nikamwambia, "Twende tukanywe chai, baba." Tukaenda.

Bukoba ni mji wa kutembea kwa miguu, na kutembea hakuhitaji kiwiko. Ulianza kama kituo cha Emin Pasha mwaka 1890, na bado una nyumba za zamani karibu na ziwa ambazo ukizipita jioni unasahau kwamba uko kwenye makao makuu ya mkoa. Ingieni kwenye kanisa kuu la Katoliki, ambako tangu mwaka 2012 amelazwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufanywa kardinali, mwaka 1960. Baadaye shukeni ufukweni, mle samaki na ndizi, muangalie mawimbi. Sisi tulikaa hapo siku mbili. Kila asubuhi kabla ya chai alifanya zoezi lake: kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama juu, chupa mkononi. Mkono mzima unasaidia kuipandisha, mkono mgonjwa unaishusha peke yake taratibu, moja mpaka tano. Siri iko kwenye kushusha. Kano inajipanga upya kwa mzigo mdogo unaoshuka polepole, ukiongezwa wiki hadi wiki.

BARABARA YA MULEBA

Kutoka Bukoba kwenda kusini mnapita Katerero. Wanaojua watacheka, wasiojua wawaulize wenza wao usiku, mimi napita zangu.

Mkiwa na nafasi, kateni kona mwende Katuruka, upande wa Maruku. Hapo wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiongozwa na Mmarekani Peter Schmidt, walifukua mabaki ya matanuri ya chuma ya miaka zaidi ya 1,500 iliyopita. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi hiyo walijenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya wataalamu, na mwaka 1978 habari hiyo ilitangazwa katika jarida kubwa la sayansi la Marekani. Chuma hicho kilitaka watu wa kuvukuta kwa saa nyingi mfululizo, kisha wahunzi wa kupiga nyundo. Mume wangu aliguna, akasema, "Hapa viwiko viliuma sana." Nilicheka, lakini alikuwa na hoja. Na wale wavukutaji walifanya jambo ambalo wapanda miamba wengi hawalifanyi: walipokezana.

Mbele ya Kemondo mnafika Muhutwe, na kutoka hapo barabara inapanda kuelekea Kamachumu. Hewa inabadilika, migomba inasogea mpaka ukingo wa lami, na kwa mbali chini mnaliona ziwa. Ukifika kwa watu, kabla ya habari nyingine unaletewa kamwani, buni kavu za kutafuna. Usizikatae. Ni karibu yenyewe.

KIBANJANI

Kwa Mhaya, kibanja ni nyumba kabla ya nyumba: migomba, mibuni, maharage chini yake, na makaburi ya waliotangulia. Mtoto wa kiume akirudi, anatarajiwa kushika panga na kuingia humo. Sasa wetu amerudi na kovu la sentimita chache na masharti ya daktari: hakuna kukata, hakuna kuvuta, hakuna kubeba mkungu.

Siku mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Majirani walimwamkia, wakautazama mkono, wakatafuta kilichovunjika wasikione. Ugonjwa wa kano hauna plasta wala magongo, hivyo unaonekana kama uvivu. Mwenyewe aliniambia usiku, sauti chini, kwamba ni nafuu angekuwa amevunjika.

Aliyemwokoa ni baba yake. Mzee aliukunja mkono wake wa kulia mbele yetu, na kiwiko hakikunyooka chote. Miaka zaidi ya hamsini ya panga na jembe. Hakuwahi kupasuliwa, hakuwahi hata kuupa jina. Mwanaye akamuuliza aliwezaje. Mzee akajibu, "Nilipoumwa kulia, nilikata kwa kushoto. Kushoto kulipochoka, mama yako alikata. Mama yako alipochoka, tulimwita jirani." Kisha akaenda zake kutazama ng'ombe.

Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Tunaambiwa mgonjwa apumzike, na sisi wa mjini tunadhani kupumzika ni kulala kwenye kochi. Kijijini hakuna kochi la namna hiyo. Mzigo haupumziki, unahama tu mkono. Nami nikagundua kwamba miezi yote ile ambayo mume wangu alinificha maumivu, alikuwa anakataa mzigo usihamie kwangu.

Kuanzia siku hiyo mambo yalilainika. Mzee alileta nyundo yake ndogo, na hiyo ikawa kifaa cha zoezi la pili: unaishika mpini, kichwa juu, unageuza kiganja polepole kulia, kisha kushoto. Ukishika karibu na chuma ni rahisi, ukiteremka kuelekea mwisho wa mpini mzigo unaongezeka. Mtaalamu wake wa mazoezi tiba alikuwa amempa kipimo: maumivu madogo yanaruhusiwa, mradi kesho asubuhi yawe yameondoka. Yakilala na kuamka nawe, umezidisha.

Tulikwenda Novemba, msimu wa senene. Usiku taa kali zinawashwa, mabati yanaegeshwa juu ya mapipa, na senene wanashuka kama mvua ya pili. Kabla ya kuwakaanga lazima wanyonyolewe mabawa na miguu, mmoja mmoja. Ni kazi ya vidole, nyepesi, haina uzito wowote, na kwa desturi ilikuwa ya wanawake. Basi bwana, mpanda miamba wangu akaketi jikoni kati yangu na mama mkwe, beseni katikati, akinyonyoa senene mpaka usiku wa manane. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Zamani, alituambia, mwanamke wa Kihaya aliwaokota na kuwaandaa lakini kuwala alikatazwa. Walikuwa wa mume. Mwanaye akachukua senene wa kwanza kutoka kwenye kikaango, akampa mama. Wa pili akanilisha mimi. Mimi wa Tanga, niliyezoea pweza, nikafumba macho nikatafuna. Ni watamu, wallahi.

Wiki ya tatu, siku moja kabla ya kuondoka, tulitembea mpaka chini ya jabali moja linalotazama ziwa. Hakuwa na viatu vya kupandia, hakuwa na kamba. Aliweka kiganja cha kulia kwenye jiwe, akakinyoosha, akakaa hivyo kama dakika nzima. Sikumwambia kitu. Kisha akasema, "Mwakani, labda. Na nikipanda, nitakuambia kinapouma." Kwangu mimi sentensi ile ya mwisho ilizidi miadi yote aliyowahi kunipa.

MKIENDA NINYI

Mvua kubwa Kagera ni Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Mkitaka ukavu zaidi nendeni Juni hadi Agosti, mkitaka senene nendeni Novemba na mwavuli. Mgonjwa asibebe begi la kuburuta wala kujivuta ngazini kwa mkono uliopasuliwa. Begi la mgongoni linatosha. Kovu lifunikwe na jua.

Mkono ukivimba ghafla, kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, au kidole kidogo na jirani yake vikifa ganzi, msingoje kurudi Dar. Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na Muleba kuna Ndolage na Rubya. Kama mwenza anavuta sigara, huu ndio wakati wa kuacha, kwa sababu sigara huchelewesha kano kupona.

Na wewe unayemuuguza, usigeuke askari wa kuhesabu mazoezi. Keti naye mfanye pamoja, chupa yako na chupa yake. Ninapoandika haya ni mwezi wa tano tangu upasuaji. Ameanza ukuta mfupi wa mazoezi, ule wa watoto, mara mbili kwa wiki. Birika la chai analiinua mwenyewe, na mimi nimerudi upande wangu wa kitanda.